Kizibo Kilichomshinda Owuor

Tangu nirudi, hakuna mtu aliyeingia dukani kwangu Mamboleo kununua hata fani belti bila kuniuliza: "Kamau, kutoka Awasi hadi Kendu Bay ulichukua siku mbili? Ulikuwa unasukuma gari?" Nimemjibu kila mtu kipande. Sasa nimechoka na vipande. Nimeandika yote, na atakayetaka kunitukana akishasoma, anajua nilipo.

Kwa wasiomjua, Owuor alikuwa fundi wa magari. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika kibanda kilichoegemea ukuta wa duka langu la spea. Yeye alifungua injini, mimi niliuza vya kutia ndani. Wazazi wangu walikuja Kisumu na magunia ya viazi kutoka Nyeri. Yeye alitoka kando ya ziwa, mbele kidogo ya Kendu Bay. Tulibishana kila siku, na siku ambayo hatukubishana wateja waliuliza ni nani mgonjwa.

Alikufa akishuka kutoka Kericho na mzigo wa mbao. Pikapu yake ilichemka ikazima kwenye kona kabla ya kufika Awasi. Akashuka kufungua boneti. Lori lililokuwa likija nyuma lilikwepa pikapu, lakini yeye halikumwona mapema.

Mamboleo hadi Awasi

Mzee Ogola, kaka yake mkubwa, alinipigia simu Alhamisi asubuhi. Mwili ungetoka mochari kesho yake, maziko yawe Jumamosi. "Lakini gari lazima itangulie nyumbani," akasema. Kwao, mwanamume akifa, ng'ombe hukimbizwa bomani kwa kelele na vumbi, kifo kione kwamba hakikuja kwa wanyonge. Owuor hakuwa na ng'ombe wa kutajika. Alikuwa na pikapu. Basi pikapu ingezunguka boma lake kabla hajateremshwa kaburini, na Mzee Ogola alitaka mimi ndiye nishike usukani, kwa sababu, alisema, mimi ndiye rafiki.

Neno hilo lilinichoma, na ni vizuri niseme sasa hivi kwa nini.

Mwezi mmoja kabla ya hapo Owuor alikuwa amenunua geji ya joto la oili. Pikapu yake ilikuwa na geji ya maji lakini hakuiamini. "Maji ikimwagika yote, sindano inarudi chini, unafikiri uko poa," alizoea kusema. "Oili haiwezi kukudanganya." Ili kuifunga ilibidi atoe kizibo kimoja cha chuma ubavuni mwa injini, mahali oili inapopita, kisha mkia wa geji uingie pale. Kizibo kilikataa. Kilikuwa humo tangu injini ilipotengenezwa, na joto la miaka yote hiyo lilikuwa limekigandisha. Kazi ya namna hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakandamiza spana isiteleze, mwingine anavuta kwa paipu ndefu. Akaja dukani. "Kamau, kuja unishikie spana." Nilikuwa napanga mali, nikasema kesho. Siku ya pili nilikuwa na mteja, nikasema kesho. Siku ya tatu sikuwa na lolote. Nilikuwa nimekaa nakunywa chai, nikasema kesho kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea. Siku ya nne alikwenda Kericho.

Sikumwambia mtu. Mke wangu mwenyewe sikumwambia. Nilibeba hosi mpya ya rejeta, galani mbili za maji na sanduku la spana, nikapata lifti kwa muuza nyanya hadi Awasi. Njia nzima alinisimulia bei za nyanya na sikusikia hata moja.

Awasi, mchana wa kwanza

Pikapu ilikuwa imehifadhiwa katika uwanja wa mama mmoja anayeuza mabati na misumari. Baada ya ajali aliwaita vijana wakaisukuma hadi kwake, akaifunika turubai, akaweka kiti chake mbele yake. Nilimshukuru na kumwomba ufunguo. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni nani yake?"

"Rafiki yake. Tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita."

"Sawa. Mama yake anaitwa nani?"

Jina sikulijua. Mama yake Owuor mwenyewe nilimjua vizuri. Alikuja Kisumu mara nyingi, akanilia ugali wangu, akanicheka jinsi ninavyotoa miiba ya samaki. Nilimwita Mama, basi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

"Naona," yule mama wa mabati akasema, akakaa tena kitini. "Watu wa kununua gari ya marehemu wamekuja wawili tangu jana. Wote walikuwa marafiki."

Nilimpigia Mzee Ogola simu, nikamngoja kwa muda wa saa tatu. Yule mama alinionea huruma akaniletea sahani ya mahindi na maharagwe. Nikasema asante kwa githeri, akasema hiyo ni nyoyo, na mimi, ambaye nilibishana na Owuor jambo hilohilo tangu ujana wetu, nikakubali kwamba ni nyoyo. Nilikula huku machozi yanaingia sahanini. Hakuniuliza kitu, aliniongezea tu.

Mzee Ogola alifika alasiri na begi jeusi, kofia mkononi. Ni mwalimu mstaafu, mwembamba, husema polepole kana kwamba bado kuna mtoto anayeandika. Akamwambia yule mama: "Mama yetu ni Nyar Nyakach. Jina lake la kanisa ni Dorka." Ufunguo ukatoka. Kwao mwanamke huitwa kwa kule alikotoka, na nilijiuliza mtu anawezaje kukaa na mwenzake ukuta kwa ukuta asijue hata mama yake ni binti wa wapi.

Nikafungua boneti nibadilishe hosi. Hapo ndipo nilipoiona ile blada.

Mnaijua, ule mpira wa tairi la ndani tunaoukata vipande vya kufungia mizigo. Owuor alikuwa ameufunga kwenye chesisi, akauvuta kwa nguvu hadi ubavuni mwa injini, na ncha yake ikiwa na kitanzi cha kuingiza spana. Alikuwa ametafuta kitu cha kukandamiza spana wakati yeye anavuta paipu. Mpira ulikuwa umechanika katikati. Kando ya kizibo palikuwa na mikwaruzo mitatu mipya, mahali spana ilipoteleza. Ile blada ilikuwa imefanya kazi yangu.

"Ni nini?" Mzee Ogola akauliza.

"Hosi imechoka," nikasema.

Nilipoinama kuokota spana, nikaona chini ya kiti boksi la geji, halijafunguliwa plastiki. Nikamwambia Mzee kwamba siwezi kuendesha gari hili kilomita moja zaidi bila kujua joto la oili. Hiyo haikuwa kweli. Hosi mpya na maji vingetufikisha. Lakini nilikuwa nimeamua kwamba kizibo hicho kitatoka kabla hajazikwa, hata kama nitakiuma kwa meno.

Nilijaribu peke yangu. Spana iliteleza mara ya kwanza, ikateleza mara ya pili, na mara ya tatu ilikula pembe zote za kizibo kikabaki duara. Nilichubuka vidole vitatu. Mzee Ogola alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Owuor naye alikuwa mbishi hivyo. Aliniambia kwa simu kuna mtu anamngojea amshikie spana. Wewe unamjua huyo mtu?"

"Simjui," nikasema.

Tulilala gesti ya pale Awasi. Hakuna wa kulaumiwa kwa siku hiyo ya kwanza ila mimi na kizibo.

Awasi hadi Sondu

Ijumaa tuliondoka mapema, tukapinda Ahero, tukapita mashamba ya mpunga, tukashika njia ya Katito. Kendu Bay tungeweza kwenda moja kwa moja, lakini yule mama wa mabati alikuwa ametuambia kuna fundi wa kuchomelea Sondu ambaye hajawahi kushindwa na nati. Mzee Ogola hakupinga. Alisema tu kwamba jua likizama kabla hatujafika, wazee watamla yeye, si mimi.

Mara mbili pikapu ilitoa mvuke tukasimama. Kila tuliposimama Mzee aliteremka haraka, akaenda nyuma ya gari hatua hamsini, akasimama katikati ya barabara na kuinua kofia yake mpaka nimalize. Sikumwomba afanye hivyo. Mara ya pili nilimwambia atoke pale, ni hatari. Akasema, "Kamau, wewe ongeza maji."

Sondu ilikuwa siku ya soko. Mananasi yamepangwa hadi kwenye lami, mbuzi wanavutwa huku na huku. Fundi anaitwa Langat, Mkipsigis wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliinama, akakipapasa kizibo kwa kidole, akasikitika.

"Hii mlimchokoza sana," akasema. "Gari ni ya nani?"

"Ya ndugu yetu. Tunamzika kesho," Mzee Ogola akajibu.

Langat akavua glavu. Nilidhani anatukataa, kwamba hashiki mali ya mtu ambaye bado hajazikwa, nikaanza kutoa pesa mfukoni. Alinisukuma mkono taratibu. Kumbe alikuwa anataka kutusalimia. Akampa Mzee mkono, akanipa na mimi. "Poleni kwa ndugu yenu. Mnafanana kidogo." Mimi na Mzee Ogola tunafanana kama kuku na baiskeli, lakini Mzee akasema, "Ndiyo, asante." Hakunitazama.

Langat alichomelea nati kubwa juu ya kile kizibo kilicholika, akaacha moto uzame. Kisha akauliza kama tuna mshumaa. Mzee akafungua begi jeusi. Alikuwa amebeba mishumaa ya matanga. Langat akaugusisha mshumaa kwenye chuma cha moto, nta ikayeyuka, ikanyweka ndani ya nyuzi za kizibo kama maji kwenye mchanga. Akarudia mara nne. "Sasa ndugu ashike spana," akasema. "Mimi nilishamaliza yangu. Huyu atatoka na mikono ya nyumbani."

Mzee Ogola akainua mkono wake mmoja, wenye kifundo kibovu tangu zamani. "Mimi nitavuta paipu na huu mwingine. Kamau, wewe shika."

Nikashika. Nilikandamiza ile spana kwa viganja vyote viwili, kichwa kikigusa injini. Mzee akavuta, hakikutikisika. Akavuta tena. Mara ya tatu kikatoa sauti kali, nikadhani kimekatika, kumbe kimezunguka. Robo, nusu, kisha kikaja chote na oili nyeusi ikanitiririkia hadi kiwikoni. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Dakika tano na chai yangu ingekuwa bado ya moto.

Nililia pale chini ya boneti mbele ya watu wa soko. Langat alidhani nimeungua akaleta maji. Mwanamke mmoja wa mananasi akatukatia nanasi zima akakataa malipo, akatusimamia tukila. Ndani ya boksi la geji tulikuta kila kitu, hadi kiungio cha kulinganisha nyuzi, na hata utepe mweupe wa kuzuia kuvuja. Owuor hakununua kitu nusunusu.

Sondu hadi Kendu Bay, kwa njia ya Oyugis

Geji tuliifunga kwa waya chini ya dashibodi. Sindano ilipanda polepole, ikafika katikati, ikatulia. Mzee Ogola alikaa amebana magoti yake pamoja, macho hayatoki kwenye sindano. Tulipopanda kuelekea Oyugis ikasogea, akasema, "Imeenda kidogo." Nikapunguza gia. "Imerudi." Tulikwenda hivyo njia nzima, yeye akisoma na mimi nikitii, na hatukusimama tena hata mara moja.

Tukiwa tunateremka, ziwa limeshatokea chini, akaniambia bila kuacha kutazama geji: "Hiki kitu kinafanya kazi vizuri."

"Kinafanya."

"Sasa yule mtu aliyekuwa anangojewa. Kweli humjui?"

Hiyo ilikuwa nafasi. Nilikuwa na barabara tupu na mtu mpole kando yangu. Nikasema, "Mzee, Kisumu ina watu wengi." Aibu ya jibu hilo bado ninayo. Akakohoa, akafungua dirisha.

Pale Kendu Bay tulikula samaki wa kukaanga tukiwa tumesimama, kwa sababu jua lilikuwa linatuwahi. Nilikabwa na mwiba. Mzee alinipiga mgongoni akaniambia nimeze ugali bila kutafuna, jambo ambalo Owuor alinifundisha tangu zamani nikawa nimesahau.

Kwao

Tulifika jua likiwa bado mkono mmoja juu ya maji. Watu walikuwa wamejaa langoni. Mimi, kwa mazoea ya wafanyabiashara wa mjini, ambao huegesha gari pua ikitazama barabara, niligeuza nikaanza kuingia kinyumenyume. Kelele zikazuka. Nilidhani nimemgonga mtoto. Mzee mmoja mwenye fimbo akaja dirishani.

"Wewe, gari ya mwanaume haiingii kwake na matako. Toa. Ingia na uso."

Nikatoa, nikaingia na uso. Hapo wanawake wakaanza kulia, kilio cha kumpokea mwenye gari, na mjane wake, Mama Akinyi, akaja akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti ya moto. Hakuviondoa. Ilibidi nimtoe mimi.

Jumamosi asubuhi niliizungusha pikapu boma mara tatu, honi ikilia, wanaume wakikimbia kando wakipiga mabati, vumbi hadi juu ya paa. Sindano haikuvuka katikati. Baadaye tukasimama kando ya kaburi. Katika ukoo wao, kabla udongo haujaanza kutupwa, mzee huuliza kama kuna aliyebaki na neno kati yake na marehemu, aliseme sasa, maana baada ya hapo atabaki nalo. Kwa kawaida, nimeambiwa, watu hunyamaza na mchungaji huendelea. Mwenye kuuliza siku hiyo alikuwa Mzee Ogola. Aliuliza, akangoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nikatoka mbele. Nilisema yote: spana, siku ya kwanza, siku ya pili, chai. Nilisema pia kwamba nilimdanganya Mzee Ogola mara mbili njiani. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua ningemwomba nani. Nyuma kabisa mtu akasema kwa Dholuo neno ambalo sikulielewa wala sikutaka kutafsiriwa.

Nilikuwa narudi mahali pangu Mama Akinyi alipoinuka kwenye mkeka.

"Kamau alisema kesho," akasema. "Lakini Owuor alitaka kumngoja. Asubuhi ile aliniambia Kamau atakuja leo, namjua, ni mvivu tu, lakini atakuja. Mimi nikamwambia aachane na Kamau, aende. Nilitaka hiyo pesa ya mbao. Mimi ndio nilimtoa kwa nyumba."

Akakaa. Kisha mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu akavua kofia, akasema mbao zilikuwa zake, na hakuzihitaji hadi mwisho wa mwezi, alimharakisha bure. Alilia hadi akashikwa mkono. Nilidhani yameisha, lakini Mzee Ogola, ambaye alikuwa ndiye muulizaji, alisogea akasimama mahali pale pale niliposimama mimi.

"Alinipigia simu akiwa kwa hiyo kona," akasema. "Nilikuwa napalilia. Niliona jina. Nikasema nitapiga nikimaliza mstari. Kama ningeshika, angekaa ndani ya gari akiongea na mimi."

Akainama, akachukua udongo, akatupa wa kwanza. Tukafuata.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwomba radhi kwa ule uongo wa njiani. Akasema alijua tangu Awasi, kwa jinsi nilivyoitazama ile blada, na ndiyo maana aliuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nimetegemea kwamba mtu akishasema mbele ya watu atajisikia mwepesi, na wengine wakisema nao basi mzigo utagawanyika. Sikuwa mwepesi hata kidogo. Hatia nilikuwa nayo nzima, kama nilivyoondoka nayo Mamboleo. Nikamuuliza kama yeye yake imepungua.

Alifikiri mpaka matatu ya kunirudisha ikasimama na utingo akaanza kuniita.

"Hapana," akasema. "Lakini sasa najua ni nani wengine wako nayo."